Shangazi Yeranuhi na Neno "Wanatufukuza"

Shangazi Yeranuhi ana tanuri la mikate hapa Anjar, mji wetu Waarmenia bondeni, si mbali na Beirut, mtaa wa Haji Habibli, na ana mdomo. Mikate inaisha saa nne asubuhi. Mdomo hauishi. Sisi wapwa zake, wa damu na wa kujipachika, tunamwita Redio. Yeye anajua, na anasema redio angalau ina kitufe cha kuzimia, yeye Mungu alisahau kumwekea.

Ukimuuliza anatoka wapi, hasemi Anjar. Kazaliwa Anjar, kaolewa Anjar, mume kamzika Anjar, lakini atakwambia yeye ni mtu wa Haji Habibli ya kule juu, Mlima wa Musa, kijiji ambacho hajawahi kukitia machoni. Waliotoka huko ni bibi yake na mama yake, mama akiwa mgongoni, mwaka thelathini na tisa, mpaka wa nchi ulipohamishwa na mlima ukabaki upande wa pili. Usimcheke, tuko hivyo wote. Mtoto wa darasa la kwanza hapa anakutajia kijiji cha babu wa babu yake kwa kujiamini, utadhani jana tu kaacha dirisha wazi huko.

Halafu kuna hili lingine: msiba wa mtu yeyote duniani ni wa kwake. Wayazidi walipokimbilia milimani kule Iraki, alitundika shuka juu ya paa la tanuri, ameandika kwa rangi nyekundu TUNAWAJUA, akakosea mahesabu na herufi ya mwisho ikamalizikia kwenye foronya. Dada wa Kiethiopia wanaofanya kazi za ndani walipoandamana Beirut, alipanda basi na trei za mikate ya pilipili akaenda. Akatembea mbele yao kifua mbele mpaka dada mmoja akamwomba kwa adabu, mama, rudi nyuma kidogo, unaziba bango.

Mzee Barkev alikuwa anamchamba kila siku kwa hayo. Barkev ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya harisa. Alisoma dawati moja na Shangazi, na ni mtu anayetaka kila kitu kinyooke, kuanzia safu za viti mpaka sharubu zake mwenyewe. Alikuwa akipita tanurini anauliza, "Yeranuhi, msiba wetu haukutoshi mpaka uazime wa jirani?"

Na Shangazi, bila kuinua macho kwenye unga: "Naazima, ndiyo. Na chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Mama yako hakukufundisha?"

Sasa, harisa. Ni ngano na nyama, inapikwa na kupondwa mpaka huwezi kujua ngano iliishia wapi na nyama ilianzia wapi, kama bokoboko. Kila Septemba, Sikukuu ya Msalaba, tunaipika kwenye masufuria ya shaba makubwa ya kutosha kuogeshea ng'ombe, kila kijiji cha mlimani na sufuria yake. Moto unawashwa Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi padri anapita akibariki sufuria moja baada ya nyingine huku akitaja jina la kijiji. Kuna sharti moja ambalo hata mlevi analiheshimu: moto ukishawashwa chini ya sufuria hauzimwi mpaka padri abariki. Inyeshe mvua, aanguke mtu, hauzimwi.

Lakini shaba tupu ina sumu. Lazima ndani ipakwe bati kila mwaka. Na hapo ndipo wanapoingia Wadom.

Wadom wanaishi chini ya mji, pembeni ya shamba la mizabibu, kwenye mahema na vibanda vya mabati. Ni wapaka bati, wapiga ngoma na wapuliza zumari tangu enzi za babu zao. Watu wenye midomo michafu wana jina lingine la kuwaita, na silirudii hapa. Wakubwa wao ni Jadaan, ambaye ngoma yake ndiyo inayowachezesha wapondaji harisa wetu mpaka kunakucha, na mkewe Shamsa. Babu yake Jadaan alikuwa fundi wa meno pia. Nusu ya wazee wa Anjar waliozikwa, wamezikwa na dhahabu yake mdomoni. Lakini ungesema Mdom aje akae kwenye kiti cha mbele siku ya sherehe, ungeona shingo zinavyogeuka.

Wiki ile ya sherehe, Shangazi alishuka mahemani kuchukua sufuria ya Haji Habibli. Alimkuta Jadaan ameikalia hiyo sufuria, imeng'aa ndani kama kioo, na nyuma yake Shamsa anakunja magodoro. Mwenye shamba, bwana mmoja wa mji mwingine, ameamua kujenga ukumbi wa harusi pale, na amepata amri ya kuwaondoa. Jumamosi saa tisa buldoza linakuja. Shangazi akauliza watahamia wapi. Jadaan akanyoosha mkono kuonyesha barabara, siyo mahali popote kwenye barabara, barabara tu.

Shangazi akatoa simu palepale, akafungua grupu letu. Lazima muelewe kuhusu hilo grupu. Watu wa Anjar wapo Marseille, Toronto, Los Angeles, Sydney, na wote wamo humo, kutoka bibi wa miaka tisini mpaka watoto wanaotuma vikatuni tu. Shangazi hutuma sauti ndefu mpaka watu wanazisikiliza wakiwa wanapiga pasi. Siku ile alituma fupi kuliko zote, kwa kile kilugha chetu cha mlimani ambacho hata Waarmenia wenzetu wa Beirut hawakielewi:

"Jamani, wanatufukuza tena. Huku chini kwenye mahema. Wanasema kabla ya sherehe tuwe tumetoka. Kama kuna mtu mna namba yake, mpigieni."

Akafunga simu, akaitupa kwenye droo, akaenda kukanda unga.

Ufupi wenyewe ulitosha kutisha watu. Halafu hilo neno mahema. Bibi zetu walipofika Anjar waliishi kwenye mahema, na malaria ikawa inawachagua mmoja mmoja. Hakuna mtu wetu anayesikia "wanatufukuza" na "mahema" kwenye sentensi moja akaendelea kunywa chai. Na huku nyumbani hakukuwa na wa kuwatuliza, mji mzima ulikuwa juu ya miti, ni msimu wa matufaha.

Marseille walitengeneza bango ndani ya saa moja, wameweka picha ya mlima usio wetu, nadhani ni wa Uswisi. Wa Toronto, Nubar mwanasheria, alimpigia mbunge wake. Sydney waliamka na kuanza kuchangishana kabla hawajajua wanachangia nini. Gazeti moja la Beirut likampigia afisa wa wilaya kumuuliza kwa nini anawafukuza Waarmenia wa Anjar. Maskini yule bwana hakujua lolote. Akampigia Mzee Barkev, aliyekuwa amelala usingizi wake wa mchana.

Barkev alifika tanurini shati limefungwa vifungo mshazari, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Yeranuhi, umeiambia dunia kwamba tunafukuzwa."

"Nimesema kina Jadaan wanafukuzwa."

"Umesema wanatufukuza."

"Sijasema."

Barkev akatoa simu yake, akaweka sauti, akaishika katikati yao juu ya meza ya unga. Tulikuwepo wapwa wachache, tulikuwa tunamsaidia kukanda unga wa kesho. Sauti ya Shangazi ikatoka, nyembamba, na hiyo "tu" yake wazi kabisa. Angesema wanawafukuza, ingekuwa habari ya jirani. Kipande cha neno hakijazi hata kijiko, na kwa kilugha chetu ni kidogo hivyohivyo.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akamwomba airudie. Nilimtazama usoni na naapa mwenyewe hakuwa anajua, lilimtoka tu. Kisha akafuta unga mikononi taratibu, akasema, "Kumbe nimesema vizuri."

Barkev hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga kelele, maana kelele Shangazi anaziweza. Alivuta kiti akakaa, akamweleza alivyoambiwa na afisa wa wilaya: kama ni Waarmenia, anasimamisha amri mara moja, hataki vurugu na magazeti. Kama ni wale wengine, amri iendelee kama ilivyopangwa. Sasa anasubiri jibu.

"Na mimi siwezi kumdanganya mtu wa serikali," Barkev akasema. "Wala watu wetu. Fikiria, Yeranuhi. Siku tukifukuzwa kweli, nani atainuka? Watasema ni yule mama wa mikate tena."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona Redio imekata mawimbi. Maana Barkev alikuwa sahihi, na alikuwa hasemi kwa ubaya. Watu kama sisi tunaishi kwa kuaminiwa tunapopiga yowe. Akirudisha neno lake, kina Jadaan wanavunjiwa. Asiporudisha, ni mwongo, na uongo wenyewe umetumia jina la wafu wetu. Barkev akampa mpaka Ijumaa jioni, watu wote watakapokuwa kwenye ua wa kanisa kupanga mafiga. Asahihishe mwenyewe. Asiposahihisha, atasahihisha yeye.

Ijumaa ua ulijaa. Masufuria yamepangwa, kuni zimepangwa, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya kuni. Upande mmoja walikuwa wanasema Yeranuhi ametuaibisha, upande mwingine wanasema afadhali aibu ya mdomo kuliko aibu ya moyo. Kijana mmoja akatania kwamba tupige kura, wanaotaka "tu" kushoto, wanaotaka "wa" kulia. Mama yake akamkanyaga mguu.

Barkev alikuwa ndio kwanza anakohoa ili aanze, Shamsa akaingia. Hakuja na Jadaan. Alivaa gauni lake la harusi za watu, lile la kijani, akapita katikati mpaka mbele. Watu wakampisha, wengine kwa heshima, wengine kwa mshangao tu.

"Kwanza," akasema kwa Kiarabu chake cha bondeni, "mimi si Mwarmenia na sitaki kuwa. Majina yenu marefu na mnailea harisa usiku mzima kama mtoto mgonjwa."

Watu wakacheka, na kucheka kukafungua ua.

"Pili, wewe Yeranuhi. Umesema kwa ajili yetu na hukutuuliza. Nilikuwa nimesimama pale pale na godoro mkononi, na kilugha chenu nakielewa. Ningekuwa na la kusema. Mdomo ninao. Si kama huo wako, lakini upo."

Shangazi akasema ni kweli. Maneno mawili tu, ni kweli. Najua mtu aliyepoteza bahati ya kurekodi hilo na hajajisamehe.

"Tatu," Shamsa akaendelea, na sauti ikashuka. "Wanatusema tangu nizaliwe. Wakarimu wanatusema, wabaya wanatusema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuteleza ulimi namna hiyo, akatutia kwenye 'sisi' yake. Mkitaka kusahihisha, sahihisheni. Nimekuja kuwaambia nilisikia."

Akakaa. Akakaa mbele kabisa, kwenye kiti cha kamati, na hapakuwa na shingo iliyogeuka. Au zilizotaka kugeuka ziliona zisubiri kwanza.

Barkev akamtazama Shangazi. Shangazi akasimama, na huyu mtu ambaye anaweza kusimulia bei ya unga kwa robo saa, alisema maneno machache.

"Bibi yangu alikuwa akinisimulia siku ya kutoka mlimani. Nilikuwa namuuliza, majirani walituchokoza? Hapana. Walitupiga mawe? Hapana. Walisimama milangoni, wakasema, hao wanaondoka. Basi. Hao. Bibi alifika Anjar na neno hilo, alilisikia mpaka anakufa. Barkev anasema kweli. Nitasema wazi ni kina Jadaan, kwa majina yao, asidanganyike mtu. Lakini kusema 'hao' siwezi. Nimejaribu tangu jana nikiwa peke yangu tanurini. Halitoki."

Barkev alishika sharubu, upande mmoja, kisha upande mwingine. Tulidhani atahutubia. Badala yake alitoa simu, akafungua grupu mbele ya watu wote, akarekodi, na amesimama wima kama anaimba wimbo wa shule.

"Hapa ni Barkev, mwenyekiti. Nasahihisha ili pasiwe na uongo. Nyumba zinazovunjwa si zetu. Ni za Jadaan na Shamsa na watu wao, Wadom, wanaotupakia masufuria bati. Waarmenia wa Anjar wako salama." Hapo kwenye ile rekodi unasikia kunguru. "Neno la Yeranuhi, hata hivyo, halikukosewa. Wanatufukuza. Anayetaka kujitoa ajitoe sasa, hatutamlaumu."

Akatuma. Na sisi vijana tunajua hiyo hali: tiki zinageuka bluu moja baada ya nyingine, Marseille bluu, Toronto bluu, hakuna anayeandika. Mji mzima umeinamia simu. Nilifikiri basi, tumekaushiwa na dunia nzima.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa Mzee Mihran wa Los Angeles, mnung'unikaji mkuu wa grupu, mtu ambaye hajawahi kutuma chochote isipokuwa malalamiko kuhusu wanaotuma sana.

"Kwa hiyo hawatufukuzi sisi?"

Barkev akaandika: "Sisi kwa maana ya sisi, hapana."

Mihran akajibu: "Nimeshavaa viatu na mwanangu ameshawasha gari twende ubalozini. Viatu hivi kuvivaa kwa mgongo wangu ni kazi. Acha tuende tu. Nipeni hayo majina vizuri, huyo Jadaan anaandikwaje?"

Hapo grupu likapasuka. Nubar wa Toronto akasema kwanza, tangu alipompigia mbunge, faili bado hajalifunga. Marseille wakabadilisha bango, safari hii na picha ya ngoma. Wapo waliojitoa, usinielewe vibaya. Binamu yangu mmoja alijitoa kwa kishindo, na kesho yake akaomba kurudishwa maana alikosa maelekezo ya harisa.

Na wazo la sufuria, watu wanasema ni la Shangazi, lakini lilikuwa la Barkev. Alisimama pale uani, akatazama ile sufuria ya Haji Habibli iliyotoka kupakwa bati, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: kuna mahali popote palipoandikwa kwamba lazima iwashiwe hapa?

Jumamosi mchana, basi, vijana tulibeba sufuria tukashuka nayo mpaka katikati ya mahema, tukaweka mafiga, ngano, nyama, na Barkev mwenyewe akawasha kiberiti. Jadaan akapiga ngoma. Wazee wakaja na viti vyao, wakavipanga mahali ambapo buldoza lilitakiwa kupita, na kwa sababu Barkev ndiye aliyesimamia, vilinyooka.

Saa tisa yule afisa wa wilaya alifika na dereva wa buldoza nyuma yake. Afisa mwenyewe ni mtu wa bonde hili hili, amekula harisa yetu tangu utotoni. Alitazama moto. Akamtazama Barkev.

"Huu moto mnauzima lini?"

"Padri akishabariki."

"Anabariki lini?"

"Harisa ikiiva."

"Inaiva lini?"

Barkev, mtu ambaye hajawahi kusema uongo kwa mtu wa serikali, alifikiri kwa makini. "Kuni za mwaka huu zina unyevu kidogo," akasema.

Dereva wa buldoza alikuwa wa kwanza kucheka. Simu ya afisa ikaanza kulia, namba za nje, moja inakatika nyingine inaingia. Alisimama mbali akiongea, anatikisa kichwa, anaongea tena. Aliporudi alimwomba Shamsa jina lake kamili na la mumewe, akaeleza kwamba amri imesimama na Jumatatu wafike ofisini kwake wao wenyewe, Barkev akitaka awasindikize. Baadaye mwenye shamba alikubali kumpangisha Jadaan pale kwa mkataba, chama cha mji wetu kikiwa mdhamini, na ukumbi wake akaujenga kando ya barabara. Lakini hayo yalichukua miezi na vikao vingi, na vikao vingi Shamsa na Shangazi waligombana kwanza wao kwa wao.

Ninachotaka kukwambia ni Jumapili. Padri alimaliza masufuria ya uani, akakunja kanzu yake isiguse tope, akashuka mahemani na mji wote nyuma yake. Akasimama mbele ya ile sufuria, mvuke umemfunika miwani. Kama kawaida akauliza ya kijiji gani.

Shangazi akafungua mdomo. Haji Habibli ilikuwa tayari imefika kwenye meno, tuliiona. Kisha akaufunga, akageuka, akamtazama Shamsa, akangoja.

Shamsa alikuwa na mwiko mkononi, jasho limemjaa. Akasema wao hawana kijiji cha kutaja, walikotoka hakuna aliyewahi kuwapa jina la kubeba. Akafikiri kidogo. "Sema ya waliobaki," akamwambia padri.

Padri akatia chumvi ya baraka, akainua msalaba, na mbele ya watu wa mlima wote akaibariki kwa jina hilo.